Tabora Jazz na njia ya wapagazi

Mwambie msomaji wa fasihi akuchoree ramani ya ushairi wa Kiswahili. Ataanza Lamu, atashuka Mombasa, atapita Pemba na Unguja, atafika Tanga kwa Shaaban Robert, halafu ataweka kalamu chini. Bara ataiacha nyeupe. Akijitahidi sana atakumbuka Ujiji, kwa sababu ya Saadan Kandoro. Tabora hatoitaja kabisa.

Sasa mwambie msomaji huyohuyo akuimbie nyimbo mbili za zamani anazozikumbuka bila kusoma popote. Kuna uwezekano mkubwa mojawapo ikawa "Rangi ya Chungwa" au "Dada Asha". Ya kwanza ni ya Nyanyembe Jazz, ya pili ni ya Tabora Jazz. Bendi zote mbili ni za mji huohuo aliousahau kwenye ramani yake. Ukiongeza Kiko Kids ya Salum Zahoro, unapata bendi tatu za mji mmoja ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka baharini, zote zikiimba Kiswahili ambacho mtu wa pwani hawezi kukicheka.

Mimi ni wa kizazi kilichozikuta nyimbo hizi zikiitwa "zilipendwa". Jumapili mchana, redio juu ya kabati, wali jikoni, na gitaa likilia kwa upole. Kwa muda mrefu nilizichukulia kama sauti ya wazazi, basi. Nilipoanza kazi ya uandishi wa habari na kupita Tabora mara kadhaa, swali likaanza kunisumbua: kwa nini hapa? Kwa nini mji huu wa miembe na mchanga, na si bandari yoyote, ukawa na bendi nyingi namna hii? Jibu nililolipata halikuanzia kwenye magitaa. Lilianzia kwenye njia.

Tuanze na jina, maana linapotosha. "Jazz" ya Tabora Jazz si ile ya Marekani. Kwa wazee wetu neno hilo lilimaanisha bendi ya dansi: magitaa, saksafoni, tumba, waimbaji wawili watatu mbele. Muziki wenyewe ulitoka mbali. Kuanzia miaka ya 1930 kampuni ya Uingereza iliyouza santuri za HMV ilileta Afrika mfululizo wa GV, nyingi zikiwa rekodi za Kikuba. Vijana wa Dar es Salaam, Tanga, Morogoro na bara wakazisikiliza mpaka zikachakaa, kisha wakaanza kuzipiga wenyewe. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932. Mwaka 1948 Salum Abdallah akaanzisha Morogoro kikundi kilichokuja kuwa Cuban Marimba.

Kwa hiyo Tabora palikutana vitu vitatu: ala na mapigo kutoka ng'ambo, lugha kutoka pwani, na ngoma, ambayo Wanyamwezi huiita mbina, kutoka nyumbani. Ukivitazama hivyo unaweza kudhani ni mchanganyiko wa kulazimisha. Lakini mji huu ulikuwa umezoea kuchanganya kwa miaka mia moja kabla ya gitaa la kwanza kushuka stesheni.

Karne ya 19 mji huu ulijulikana kwa wasafiri kama Kazeh, katikati ya utemi wa Unyanyembe. Hapa njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo iligawanyika: moja kwenda Ujiji na ziwa Tanganyika hadi Kongo, nyingine kwenda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba 7, safari ya siku zaidi ya 130. Mwaka 1872 Livingstone aliagana na Stanley hapo jirani, Kwihara, na tembe alimoishi bado linaonyeshwa kwa wageni. Habari hizo zimeandikwa mno. Zisizoandikwa sana ni za waliowabeba.

Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na kitu, juu ya bega, kwa miezi. Wengi wao hawakuwa watumwa. Walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na mapema katika karne hiyo walikuwa tayari wakiendesha misafara yao wenyewe kushuka pwani, kabla wafanyabiashara Waarabu hawajajenga nyumba Unyanyembe. Mwanahistoria Stephen Rockel aliandika kitabu kizima juu yao mwaka 2006, akawaita wabeba utamaduni. Kwa kijana wa Unyamwezi, kwenda pwani kulikuwa sehemu ya kukua. Aliyerudi alirudi na nguo, na hadithi, na nyimbo, na Kiswahili.

Msafara ulikuwa na kiongozi wake wa njia, kirangozi. Alitangulia mbele na bendera, amevaa joho jekundu, kichwani manyoya na ngozi ya mbega, na pembeni yake ngoma. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo na wengine wakaitikia. Nyimbo hizo hazikuwa za kupoza miguu tu. Mwimbaji alitunga papo hapo juu ya safari yenyewe: njaa, mvua, mtemi aliyedai hongo kubwa ili msafara upite (ndiyo, neno hongo wakati huo lilikuwa ushuru wa njia, kabla halijapata aibu yake ya leo), tajiri mchoyo wa posho. Tajiri alisikia, akaelewa anasemwa, na hakuweza kumkamata mtu kwa wimbo.

Hebu tulia kidogo hapo. Mtunzi anatupa mstari, kundi linajibu. Anayesemwa hatajwi jina. Lugha ni moja, lakini waimbaji wametoka makabila kumi. Ukiiondoa mizigo na kuweka ukumbi, ukaondoa ngoma ya mbele na kuweka gitaa la solo, umebaki na nini? Umebaki na bendi ya dansi.

Ndiyo maana nabisha wanaosema Kiswahili kilipelekwa Tabora na wageni, kikawekwa juu ya watu kama blanketi. Kilibebwa na Wanyamwezi wenyewe, pamoja na shanga na pembe, kwa sababu kiliwafaa njiani. Njia hiyohiyo ilizaa utani. Mpaka leo Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Wanaweza kutukanana msibani na pakaisha kwa kicheko. Wataalamu wengi wanaunganisha utani wa makabila ya njia ile na misafara: mtu anayepita kila mwaka kwenye kijiji chako, akalala, akala, pengine akafa na kuzikwa hapo, lazima umtafutie nafasi kwenye undugu wako.

Na sasa tazama jina la mtindo wa Tabora Jazz. Kila bendi kubwa ilikuwa na mtindo wake, kama chapa ya biashara na kama kiapo. Western Jazz walikuwa na Saboso, jina lenye ladha ya Kispanyola. Tabora Jazz wao waliitwa wana Segere Matata. Segere ni ngoma ya Wazaramo. Yaani bendi ya Unyamwezi, upande mmoja wa njia ya zamani, ilijitambulisha kwa ngoma ya watani wake wa upande wa pili. Haikuwa peke yake kuchota kisima hicho. Msondo na Sikinde, majina mawili yaliyotawala Dar es Salaam baadaye, nayo ni ya ngoma za Pwani. Lakini mtu wa Dar akichukua msondo amechukua cha jirani. Mtu wa Tabora akichukua segere amechukua cha mwisho wa safari ya babu yake.

Hapa kuna jambo ambalo nadhani linastahili ugomvi kidogo. Tangu 2006 njia hii imo kwenye orodha ya awali ya Tanzania kwa ajili ya urithi wa dunia wa UNESCO, kwa jina la njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina ni la kweli. Watu walipitishwa hapa wakiwa na minyororo, na hakuna wimbo unaoweza kulifuta hilo. Ukienda Bagamoyo au Ujiji, makumbusho yanakuonyesha minyororo, na ni sawa yaonyeshe. Lakini njia ikikumbukwa kwa minyororo peke yake, maelfu ya watu waliotembea kwa hiari yao, waliogoma ujira ukipunjwa, waliotunga na kuimba, wanageuka kivuli. Tunabaki na historia ambayo Mwafrika ndani yake hakufanya lolote isipokuwa kufanyiwa. Bendi za Tabora ni ushahidi wa upande huo wa pili.

Misafara yenyewe haikufa kwa kishindo. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua ndani ya boma lake Januari 1893 Wajerumani walipomzidi nguvu. Reli ya kati ikafika Tabora mwaka 1912, Kigoma 1914, na mwaka 1928 tawi la Mwanza likakamilika. Mabega yakapumzika, lakini mji ukabaki njia panda kama zamani, safari hii ya mabehewa. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliuteka. Katika vurugu za vita hiyo beni ilizidi kusambaa bara: ngoma ya gwaride, tarumbeta na vyeo vya kuigiza, ikiwa na vyama vyake vya Arinoti na Marini vilivyoshindana mji kwa mji. Terence Ranger aliifuatilia katika kitabu chake cha 1975. Beni iliwafundisha vijana mambo mawili ambayo dansi ililazimika kuyajua: kwamba ala ya mgeni inaweza kupigwa kwa shabaha yako mwenyewe, na kwamba kundi la muziki linaweza kuwa chama, chenye ada, uongozi na wapinzani.

Vijana wa magharibi wakaendelea kutembea. Wengine walikwenda kwenye mashamba ya mkonge kama manamba, wengine Dar es Salaam. Mwaka 1944 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha huko Dar bendi ya watu wa jimbo lake. Ndiyo Western Jazz. Jina linaeleza kila kitu: sisi ni wa Magharibi, tuko mjini, tunapiga. Huo nao ni msafara uliofika pwani.

Sasa tuusikilize muziki wenyewe. Wimbo wa dansi wa miaka ile kwa kawaida una vyumba viwili. Chumba cha kwanza ni cha taratibu. Mwimbaji anapanga beti, anamweleza dada, au rafiki msaliti, au dunia, na magitaa yanamjibu kwa sauti ya chini. Halafu mapigo yanabadilika. Waimbaji wanapunguza maneno, kibwagizo kinarudiwa, gitaa la solo linaanza kuzunguka palepale kama mtu anayetwanga, na wachezaji wanasimama. Wapiga dansi wanakiita chumba hiki cha pili chemko. Mimi nakisikia hivi: chumba cha kwanza ni shairi, cha pili ni ngoma. Katika dakika sita umetoka barazani ukaingia uwanjani.

Sehemu ya shairi ina adabu zote za ushairi wetu isipokuwa vina vya kuhesabu. Kuna fumbo. Kuna kumwita mtu kwa wasifu badala ya jina: "Rangi ya Chungwa" ni jina zima la mpenzi, na mshairi wa Lamu angelielewa bila kufafanuliwa. Kuna "dada" ambaye si dada wa tumbo moja bali ni mtu unayemheshimu kiasi cha kumkanya hadharani. Shem Karenga, ambaye "Dada Asha" inaambatana na jina lake, alikuwa mtu wa Kigoma, akapiga na Lake Tanganyika Jazz kabla ya kuja Tabora, na akamalizia safari yake Dar es Salaam na Tabora Jazz Stars mpaka alipofariki Desemba 2014. Kigoma, Tabora, Dar: weka miji hiyo mitatu kwenye mstari na umeichora njia ya misafara, kituo kwa kituo.

Wasomaji wa muziki wa dunia wataniambia hili si jambo geni, na watakuwa sahihi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana wa Tehran walianzisha bendi ya O-Hum. Walichukua mashairi ya Hafez, mtu wa Shiraz wa karne ya 14, wakayaimba juu ya magitaa ya roki na ala za jadi za Iran. Mamlaka za utamaduni zikainyima albamu yao ya kwanza kibali, nao wakaisambaza kupitia intaneti. Shiraz ni mji ambao wengi wa pwani yetu wanautaja kama asili yao, na neno diwani tunalotumia kwa mkusanyo wa mashairi ndilo lililoko kwenye jalada la Hafez. Kwa hiyo si majirani wa mbali kama tunavyodhani.

Lakini tofauti ndiyo inayonivutia. O-Hum walikuwa na kitabu. Muirani yeyote aliyesikia Hafez kwenye gitaa alimtambua, akakasirika au akafurahi, lakini hakuuliza kama maneno yale ni ushairi. Tabora hawakuwa na kitabu. Kirangozi hakuacha diwani. Kwa hiyo bendi ya Tabora ilirithi adabu ya kutunga bila kurithi maandishi, na matokeo yake hakuna aliyeiona inarithi kitu. Ilionekana inaiga Cuba.

Na hilo lilikuwa na gharama. Desemba 1962, akihutubia kama Rais, Mwalimu Nyerere alilalamika kwamba tulifundishwa kuona fahari katika kucheza rumba na chachacha huku wengi wetu hatuwezi kucheza gombe sugu au lele mama, akatangaza wizara ya utamaduni wa taifa. Ukoloni ulikuwa umedharau kila kilicho chetu, na Mwalimu, aliyesoma na kufundisha Tabora, alikuwa na haki ya kuwa na uchungu. Mwaka 1969 muziki wa soul ukapigwa marufuku Dar es Salaam. Bendi za dansi ziliponea katikati: si ngoma ya asili kamili, si muziki wa kigeni kamili. Radio Tanzania ikazirekodi na kuzitangaza, na kwa kweli bila redio hiyo tusingekuwa na zilipendwa za kuzungumzia. Ila rumba ya Tabora ilikwisha kuwa ya Tabora. Mpaka kati ya "chetu" na "chao" ulikuwa umevukwa kwa miguu, mara nyingi mno, na watu waliobeba frasila mbili.

Kuna gharama nyingine ambayo sitaki kuipita kimya. Redio ya taifa ilikuwa ya Kiswahili, na bendi iliyotaka kusikika nchi nzima iliimba Kiswahili. Mbina ikaingia dansini kwa mapigo, Kinyamwezi kikabaki mlangoni. Mtu anaweza kusema ndiyo bei ya taifa moja, na mimi ninayeandika haya kwa Kiswahili siwezi kujifanya sikufaidika. Lakini tuseme wazi kwamba kuna utani, majigambo na maombolezo ambayo hayakupata gitaa, na wazee wanaoyajua hawaongezeki.

Siasa nayo ilipita njia hii. Januari 1958 mkutano wa TANU uliofanyika Tabora ulikubali kushiriki uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ambao wazee wanauita uamuzi wa busara na ambao uliifungulia Tanganyika mlango wa uhuru bila damu. Kiko Kids waliimba "Tanganyika na Uhuru". Mwaka 1963 serikali ikafuta utawala wa watemi, na Unyanyembe ikabaki bila kiti chake. Jina lenyewe likaendelea kutamkwa redioni, kila mtangazaji aliposema: ifuatayo ni Nyanyembe Jazz.

Leo nyimbo hizi ziko kwenye simu. Mtu amezipandisha mtandaoni, ameweka picha ya machweo au ya mwanamke asiyehusika, chini ameandika "zilipendwa" na pengine jina la bendi. Mtunzi hayupo. Mpiga solo hayupo. Maoni mia mbili chini yake, watu wakilia kwa kumbukumbu, na hakuna anayeuliza nani alitunga. Ndivyo tulivyomfanya kirangozi: tukaukumbuka msafara, tukalikumbuka jina la Mzungu aliyebebewa mzigo, yeye aliyeimba tukamwacha porini.

Kanda za Radio Tanzania zipo, ziko kwa TBC, na kanda huchoka kama watu. Kazi ya kuzihamishia kwenye kompyuta ni ya mafundi na ya bajeti. Kazi nyingine ni yetu sisi tunaojiita wapenzi wa fasihi, nayo haihitaji bajeti. Kaa na wimbo mmoja wa Tabora, andika maneno yake yote kutoka sikioni, beti kwa beti, na juu yake weka jina la aliyetunga. Kama humjui, muulize mzee aliyecheza wimbo ule ukumbini. Nyimbo hamsini zikifanyiwa hivyo tutakuwa na diwani, na mwalimu wa kidato cha nne ataweza kuifundisha karibu na Shaaban Robert bila kuomba radhi kwa mtu. Reli mpya ya mwendokasi inajengwa kwenda Tabora. Ingependeza ikifika ikakuta kitabu hicho kinauzwa stesheni.